Kongo inauza kaboni yake kwa mizani ya mnunuzi

Mkulima wa kakao wa Beni au wa Mambasa anaijua siku hiyo mbaya: anafika kwa mnunuzi na gunia lake, bila mizani yake. Nyumbani gunia lilikuwa zito, kwa mnunuzi linasomeka jepesi. Anaweza kubisha, lakini mwenye mizani ndiye anayetaja kilo. Serikali ya Kongo inaingia katika soko la kaboni ikiwa katika hali ileile.

Tangu miaka kadhaa Kinshasa inajitangaza mbele ya mataifa kuwa "nchi-suluhisho". Misitu yake inavuta hewa ukaa inayotoka katika viwanda na magari ya nchi tajiri, kwa hiyo ilipwe. Dai hilo ni la haki. Imekwisha kuundwa hata mamlaka ya kusimamia soko hilo, ARMCA. Lakini mnunuzi wa kredi ya kaboni haulizi kama msitu ni mzuri. Anauliza ni tani ngapi, na nani alizipima.

Sehemu moja ya jibu inasimama Yangambi, jimbo la Tshopo, karibu kilometa mia moja kutoka Kisangani ukiteremka mto. Huko kuna mnara wa chuma wa mita 55 unaopita vichwa vya miti. Unaitwa CongoFlux, na ulianza kupima mwaka wa 2020. Chombo kimoja juu yake kinasoma upepo unaopanda na kushuka, kingine kinasoma hewa ukaa iliyomo ndani ya upepo huo, mara nyingi kwa kila sekunde. Mchana majani yanavuta hewa hiyo. Usiku miti na udongo vinaitoa tena. Tofauti ya mambo hayo mawili, ikijumlishwa mwaka mzima, ndiyo inayoonyesha kama msitu umeongeza akiba yake au umeila. Umeme ukikatika, au kifaa kikiharibika na fundi akakosekana, siku hizo zinabaki tundu katika hesabu.

Mnara huo ni kazi ya Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji pamoja na INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kwa pesa za Umoja wa Ulaya. Kabla yake, msitu wa mvua wa bonde la Kongo, wa pili kwa ukubwa duniani, haukuwa na hata mnara mmoja wa namna hiyo. Wabelgiji hawastahili kulaumiwa kwa kuujenga. Wamefundisha pia vijana wa Kongo kuutumia. Wa kuulizwa ni wale wanaoutaja msitu katika kila hotuba.

Faida ya kupima imekwisha kuonekana. Mwaka wa 2017 jarida la Nature lilitangaza kwamba vinamasi vya katikati ya bonde vinaficha tani bilioni 30 hivi za kaboni, katika udongo mweusi wa majani na mizizi isiyooza. Wengi hawakujua kwamba vipimo vya udongo vya wakati ule vilitoka Kongo-Brazzaville peke yake. Upande wa Kinshasa ulikadiriwa kwa picha za satelaiti. Ilifaa kungoja hadi 2022, kazi nyingine ambamo alikuwemo Profesa Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani ilipoleta vipimo vya jimbo la Equateur, vya watu walioingia wenyewe katika tope na kulichoma kwa vyuma virefu ili kujua kina chake. Hesabu ikawa tani bilioni 29, na karibu thuluthi mbili ziko DRC. Ni kama kaboni ambayo dunia nzima inaitoa kwa miaka mitatu ikichoma mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Mwezi wa saba wa mwaka uleule, serikali ilitia mnadani vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi ya Ziwa Kivu. Baadhi ya vile vya mafuta viliangukia juu ya vinamasi hivyo. Mnada wa mafuta ulifutwa mwaka wa 2024. Sababu zilikuwa nyingi, lakini waliopinga walikuwa na tarakimu mkononi, si mapenzi ya miti tu.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa maana ya kuacha vipimo mikononi mwa mfadhili. Wao wanaishi na mazuku, hewa ukaa inayotoka ardhini na kuua mbuzi na hata watoto katika mabonde. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilitegemea kwa muda mrefu pesa za nje. Mwaka wa 2020 msaada wa Benki ya Dunia ulikwisha, na kituo kikakaa miezi bila intaneti ya kupokea habari kutoka mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Watafiti walieleza baadaye kwamba dalili zilikuwa chache sana, kwa hiyo si haki kusema intaneti ingeokoa waliokufa. Ila mji wa mamia ya maelfu ya watu ulikuwa umelinda mlima wake kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Atakayejibu kwamba mashariki kuna vita na barabara hakuna, anasema kweli. Ndiyo maana pesa hizo zisitolewe katika mfuko wa hospitali wala wa askari. Zitoke katika kaboni yenyewe: kila mkataba wa kredi utenge kwa sheria sehemu ya INERA, ya Chuo Kikuu cha Kisangani na ya vituo vingine vinavyopima, kwa mishahara na vipuri, kabla ya senti ya kwanza kufika kwa mawakala. Na takwimu zihifadhiwe Kisangani kwanza, nakala ndiyo iende Ulaya.

Tarehe 15 Septemba bunge linafungua kikao cha bajeti. Wabunge wa Tshopo na wa Equateur wanaweza kumwuliza waziri swali fupi: mwaka huu, fundi anayepanda mnara wa Yangambi amelipwa na nani?