Mnanaha Ufundishwe, Usifichwe

Herufi moja tu huutenga mnanaa na mnanaha. Wa kwanza hutiwa katika chai. Wa pili ni sumu. Mtu atokaye bandarini Malindi, mjini Unguja, akipita penye gofu au jalala, si ajabu akaukuta huo wa pili: gugu la kimo cha mita moja hivi, lenye majani mapana yanukayo vibaya yakifikichwa, ua refu mfano wa tarumbeta, jeupe au la zambarau, lifunguka jioni, na tunda la mviringo lenye miiba. Wataalamu wa mimea huuita Datura. Ni jamaa moja na biringani, pilipili, tumbaku, na nyanya ambazo Unguja tunaziita tungule.

Desturi yetu ni kumwambia mtoto "usiguse", kisha basi. Kwa maoni yangu katazo hilo halitoshi, tena lina hatari yake, kwani mtoto asiyeambiwa sababu huitafuta mwenyewe. Nasikitika kuona kwamba mwanafunzi aweza kuchora ua la kitabuni na kutaja sehemu zake zote, naye asilijue gugu liliopo nyuma ya ukuta wa shule yake.

Sumu ya mnanaha imo katika mmea mzima, nayo hasa ni atropini, hiosiamini na skopolamini. Kemikali hizi huzuia ujumbe fulani wa mishipa ya fahamu usifike katika moyo, tezi na misuli. Ndiyo maana aliyekula hukaukwa na kinywa, ngozi yake huwa kavu na yenye moto, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, naye huweweseka na kuona visivyokuwapo. Wako vijana wanaoutafuta uwewesekaji huo kama ulevi. Hawajui kwamba kiasi cha sumu hutofautiana baina ya mmea na mmea, na baina ya jani na mbegu, hata kipimo kilichomwacha mmoja hai chaweza kumwua mwenziwe.

Wala asidhani mtu kuwa hatari ni ya yule tu aliyeuchuma kwa mkono wake. Gugu hili likiota katikati ya soya, mbegu zake huvunwa pamoja na mazao. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, sumu hizo hizo zilikutwa katika unga wa lishe wa mahindi na soya uliogawiwa kama msaada. Watu wapatao 300 waliugua, na watano walifariki.

Hata hivyo, mmea huo huo umeponya. Katika Bara Hindi majani yake makavu yalivutwa moshi kwa ajili ya pumu, na mwaka 1802 dawa hiyo ilipelekwa Edinburgh kutoka Madras, ikaenea Ulaya hata ikauzwa kama sigara. Wazee hawakukosea: kemikali hizi hulegeza misuli ya njia za hewa. Kilichokosekana ni mizani. Leo ipratropiamu, dawa ya kuvuta kwa pumzi iliyotengenezwa kutokana na atropini, hutolewa kwa kipimo kile kile kila mara. Atropini yenyewe daktari wa macho huitumia kutanua mboni, na mkulima aliyelewa baadhi ya dawa za kuulia wadudu hudungwa hiyo hiyo ili kuokoa maisha yake. Sumu moja huizuia nyingine. Sijui somo la kemia lililo bora kuliko hilo.

Basi walimu wa bayolojia wawatoe wanafunzi nje, wawaonyeshe mnanaha uliosimama mahali pake, bila kuonja wala kuchuma, na mkono uliougusa usipelekwe jichoni kabla ya kunawa. Wawaonyeshe pia jinsi mbegu zake zinavyofanana na za pilipili. Na ikitokea mtu ameula, asisubiriwe alale wala asinyweshwe chochote cha kubahatisha: apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe ndani ya mfuko, ili daktari ajue anapambana na nini.