Kukompaili Upya Hakuiponyi Mashine Nzito

Vijana wanaojifunza Linux hapa Bondeni wamerithishana imani ambayo naipinga waziwazi: kwamba ukishasakinisha Gentoo, mojawapo ya mifumo ya Linux, lazima uukompaili mfumo mzima upya kwa kulenga prosesa yako, ndipo mashine ikimbie. Wanaandika -march=native, wanaamuru emerge -e @world, kisha wanangoja.

Mwaka 2002, Gentoo 1.0 ilipotoka, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mifumo mingi ilikuwa bado inakompailiwa kwa i386, prosesa ya mwaka 1985. Leo programu za biti 64 hutoka zikiwa tayari zinatumia amri za prosesa za SSE2. Na pale kasi inapohitajika kweli, waandishi wa programu wameshaifanya kazi hiyo ya kulenga prosesa: maktaba ya glibc hubeba namna kadhaa za kunakili data na kuchagua inayoifaa prosesa programu inapoanza, FFmpeg hufanya vivyo hivyo kwenye video. Anayetumia Debian anayapata hayo bila kukompaili chochote.

Tazama laptopu ya mtumba ilivyo mezani kwa fundi. RAM giga 4, diski ya kuzunguka. Fungua kivinjari: taa ya diski haizimi, prosesa imekaa bure inangoja data. Diski hiyo, ikitafuta vipande vilivyotawanyika, husoma mara 100 hivi kwa sekunde. SSD ya bei nafuu husoma maelfu. Hakuna amri ya kompaila itakayoziba pengo hilo. Halafu mashine hiyohiyo ndiyo mnayoitwika kukompaili Chromium, RAM ijae, kazi ihamie kwenye diski, feni ivume mchana kutwa katika joto la Machi, na tokeni za stima ziishe. Inaniuma, kwa sababu pesa hizo hazipatikani kwa urahisi.

Gentoo wenyewe wanatoa vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa tangu Desemba 2023. Mfumo huu naupenda kwa jambo jingine: USE flags zinakupa uwezo wa kukataa usichokitaka, na ukiukompaili kwa ajili hiyo unajifunza mengi. Mwenye programu ya mahesabu mazito naye aikompaili hiyo moja, apime kabla na baada. Wengine wote, nunueni SSD na RAM kwanza. Anayebisha alete laptopu mbili za aina moja, moja imekompailiwa upya, nyingine imetiwa SSD, tuziwashe pamoja na kuzipima kwa saa.