Giaboksi Yako Haijakufa, Unadanganywa

Niseme mapema kabla mtu hajakasirika: gia kuwa ngumu si lazima iwe giaboksi imekwisha. Mara nyingi shida iko kwenye klachi, kwenye oili, au kwenye kibushi kidogo cha mpira chini ya gari ambacho hakuna mtu amekiangalia tangu gari itoke Japani. Lakini hapa Garissa, kuanzia Iftin hadi ng'ambo ya daraja, ukimwambia fundi "gia inakataa kuingia", jibu lishapikwa hata kabla hujashuka: "Giaboksi imeenda hiyo. Tafuta ingine Nairobi."

Wasee, huyo hajapima kitu. Amebahatisha, na bili ni yako.

Mnajua nazungumzia gari gani. Ile Impreza WRX ya zamani, ya gia za mkono, ambayo kila kijana hapa anaigeukia ikipita. Mapenzi haya hayakuanza jana: Patrick Njiru alimaliza wa nne Safari Rally ya 1994 akiwa na Impreza, na tangu hapo Mkenya na Subaru ni kama chai na maziwa. Sasa fikiria hivi. WRX ya kwanza ilitoka 1992, na hii ambayo wengi wanaiota ni ya kati ya 2000 na 2007. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari ya zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo hakuna nyingine ya aina hiyo itashuka Mombasa. Zilizoko ndizo hizo. Na hiyo giaboksi "safi kutoka Japani" unayouziwa, nani anajua aliyeitumia alikuwa mzee wa kwenda sokoni polepole au kijana wa kuchoma tairi usiku? Unatoa kitu unachokijua historia yake, unaweka fumbo. Halafu unalipia fumbo!

Kuna kipimo cha dakika moja, na ni cha bure. Zima injini, kanyaga klachi hadi mwisho, pitisha gia zote, moja hadi tano, kisha rivasi. Sasa washa injini urudie gari ikiwa imesimama. Kama gia zilikuwa laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikawa ngumu baada ya kuwasha, klachi ndiyo mshukiwa wa kwanza: haiachii kabisa, kwa hivyo injini bado inazungusha giaboksi wakati wewe unalazimisha gia iingie. Kama ni ngumu hali zote mbili, angalia zile fito na bushi zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi. Vumbi letu na joto letu hukausha mpira mpaka unakuwa kama mfupa. Kama ni gia moja tu inayokwaruza, tuseme ya pili, hapo ndipo unaanza kushuku sinkronaiza ya hiyo gia, na hapo ndipo jina la giaboksi linaruhusiwa kutajwa.

Umeona? Giaboksi imekuja mwisho, si mwanzo.

Halafu kuna ile sababu ya "oili ni nzito kwa sababu ya baridi." Baridi gani, warya? Garissa hii? Hiyo ni stori ya Nyahururu saa kumi na moja asubuhi. Shida yetu ni kinyume. WRX inasukuma klachi kwa mafuta ya breki, na hayo mafuta hufyonza unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Yakishajaa maji, joto likizidi yanaanza kutoa mapovu ndani ya paipu. Unakanyaga pedali, unabana mapovu, klachi haiachii vizuri. Asubuhi gari iko poa, saa nane mchana gia zinagoma. Mafuta hayo yanafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Fungua kikopo chake uangalie: yakiwa meusi kama chai ya rangi, anzia hapo. Na kabla ya hapo, inua ile kapeti nene uliyotandika miguuni. Pedali ikigonga kapeti kabla ya kufika mwisho, unatafuta ugonjwa ambao haupo.

Oili nayo ina uongo wake. Kuna wanaokumiminia mafuta ya giaboksi ya otomatiki "ili gia ziwe laini." Zitalainika, ndiyo. Lakini kwenye Subaru hii oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo inayolinda difu ya mbele, na meno ya difu yanataka oili nzito ya GL-5, 75W-90. Ukiweka maji maji, umelainisha gia ukachinja difu. Kuna magari mengine ambayo GL-5 inaweza kudhuru sinkronaiza zao za shaba, zinataka GL-4. Kwa hivyo kinachoamua ni kitabu cha gari yako, si kelele ya aliye karibu na ndoo.

Na kama gari ilipita kwenye maji, yale mafuriko ya mwisho wa 2023 au ya Aprili na Mei 2024 wakati barabara ilizama upande wa Madogo, chomoa dipstiki ya giaboksi. Ndiyo, inayo yake. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yaliingia. Imwage leo, si wiki ijayo.

Sasa kinachoniudhi hasa ni hiki. Ukiambiwa giaboksi imekufa na huna pesa ya ingine, utafanya nini? Utaendelea kuendesha ukisukuma gia kwa nguvu. Kila ukisukuma, unasaga sinkronaiza na kuzichosha fito za ndani. Miezi michache baadaye, giaboksi inakufa kweli, na fundi anasema, "Si nilikuambia?" Hakukuambia. Alikuachia ugonjwa mdogo ukakua hadi ukafanana na uongo wake.

Na usiseme ni pesa tu. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Uko nyuma ya lori karibu na Mwingi, umetoka kuovateki, unashuka gia ya tatu, inakataa. Basi linakuja. Hapo hakuna anayeuliza bei ya bushi.

Kuna wanaosema nawaonea mafundi, kwamba wanajua kwa uzoefu na hawana vifaa vya kisasa. Walahi, hicho kipimo cha kuzima injini kinahitaji kifaa gani? Mguu! Fundi mzuri namjua kwa sababu anauliza maswali, anakaa kwenye usukani mwenyewe, anaingia chini ya gari. Huyo mlipe bila kubishana. Na ndiyo, giaboksi hufa. Hii ya gia tano inajulikana kuchoka ukiongeza nguvu ya injini. Ikilia kama nzi, gia ikijirudisha yenyewe, au oili ikitoka na vipande vya chuma, hapo amesema kweli.

Ninyi wenye magari pia msicheke. Egzosti ya kuamsha mtaa mzima mmepata pesa. Rimu mmepata. Stika mpaka kwenye kioo. Oili ya giaboksi, lita tatu na nusu tu, mnasema uchumi ni mbaya. Fundi wa kubahatisha anaishi kwa sababu mteja wake hataki kujua.

Kwa hivyo ukienda gereji kesho, uliza matatu: umepima injini ikiwa imezimwa? Umeangalia klachi na mafuta yake? Umeona oili ya giaboksi ina rangi gani? Kama ametaja bei kabla ya kujibu hata moja, chukua ufunguo wako, sema asante, ondoka.