Wilaya ni Vijiji Vyake

Mtu akitaka kuijua Wilaya ya Kilosa asiridhike na ramani ya ukutani. Ramani humwonyesha mstari mmoja unaozunguka nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 12,000 katika Mkoa wa Morogoro, na ndani yake nukta moja yenye jina la mji. Lakini ndani ya mstari huo zimo nchi kadhaa zisizofanana. Kuna milima ya Ukaguru na Rubeho, ambako mvua ya masika huifunga njia ya miguu sembuse ya gari. Kuna uwanda wa Mkata wenye nyasi na mifugo. Kuna mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, yaliyowaleta vibarua kutoka pembe zote za nchi. Kuna Mikumi, ambako Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na kuna miwa ya Ruhembe na Kidodi karibu na Ruaha Mkuu. Na kuna tambarare ya Kilangali, kusini ya mji wa Kilosa, nchi ya mpunga na ya shamba la mbegu la Serikali.

Twauliza: je, nchi namna hii yaweza kuongozwa vema kutoka meza moja iliyoko mjini? Jibu letu ni kwamba haiwezekani, wala haikukusudiwa iwe hivyo. Mambo ya wilaya ni ya aina tatu. Yako makubwa kuliko wilaya, yako yanayoilingana, na yako yaliyo madogo mno kwayo. Taabu huanza pale yote matatu yanaporundikwa mahali pamoja.

Tuchukue maji. Mto Mkondoa unaopita Kilosa hauanzii Kilosa. Sehemu ya maji yake ni mvua ya Mkoa wa Dodoma, inayoteremka na Kinyasungwe kupitia Mpwapwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulivunja kingo, ukaikata reli ya kati, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Mkulima wa bondeni alipoteza nyumba kwa sababu ya mvua ambayo hakuiona ikinyesha na miti ambayo hakuikata yeye. Hapana halmashauri ya Kilosa, hata ikiwa na bidii ya namna gani, iwezayo kupiga marufuku kulima katika miteremko ya wilaya nyingine. Kazi hiyo ni ya mikoa kukaa pamoja na ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kuilaumu halmashauri kwa jambo hilo ni kumlaumu mpishi kwa kukosekana kwa kuni.

Sasa tuchukue ardhi. Mahali pa kupitisha ng'ombe, mahali pa kunywesha, mwisho wa shamba na mwanzo wa malisho: mambo hayo hayajulikani na mtu wa mbali. Yajulikana na wanaokaa hapo. Yalipoachwa bila kuamuliwa, matokeo yake tuliyaona Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni, ambako wakulima 38 waliuawa katika ugomvi na wafugaji. Damu ikamwagika tena wilayani mwaka 2008. Mkulima na mfugaji wote ni wananchi, na wote wanaitegemea nchi ile ile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuweka usimamizi wa ardhi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote. Kwa hiyo sheria ipo. Kinachopungua ni kijiji chenye uwezo wa kuitumia: fedha za kumlipa mpima, karani wa kutunza daftari, na mkutano unaofanyika kweli.

Historia yetu yenyewe ni mwalimu katika jambo hili. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, zikabaki halmashauri za kuchaguliwa. Mwaka 1972 halmashauri hizo zikaondolewa, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali mikoani na wilayani. Haukupita muda mrefu, zahanati na barabara za vijijini zikaonyesha kwamba mtumishi aliyetumwa, hata akiwa mwema, si sawa na kiongozi anayejibu kwa waliomchagua. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984, na katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuziondoa lilikuwa kosa. Katiba nayo, katika Ibara ya 145 na ya 146, ikazipa serikali za mitaa mahali pake na kusema kusudi lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini madaraka bila fedha ni jembe bila mpini. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na maskini walipumua. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilipelekwa kwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, wala hatusemi mkulima wa Kilangali arudishiwe mzigo aliotuliwa. Tunasema hivi: kila mara chanzo kimoja kilipopunguzwa, kazi haikupunguzwa. Shule, zahanati na njia za kwenda mashambani vimebaki pale pale, na halmashauri imezidi kungojea ruzuku kutoka juu. Anayengojea ruzuku humtazama anayeitoa, naye humpa kisogo mwananchi.

Wako wasemao dawa ni kuigawa wilaya tena. Gairo ilitengwa na Kilosa mwaka 2012, na hapana shaka watu wa Gairo walipata ofisi iliyo karibu. Lakini watu huongezeka upesi kuliko ofisi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 438,175 waliobaki Kilosa, na ile ya mwaka 2022 ilipita laki sita. Tukigawa kila watu wanapozidi, tutajenga makao mengi ya wakubwa, na mwisho wa yote mwenyekiti wa kijiji atabaki hana hata karatasi ya kuandikia kumbukumbu. Kugawa wilaya kwaweza kufaa. Kukipa kijiji nguvu ndilo jambo la kwanza.

Ndugu zetu wafanyakazi wasidhani kwamba haya ni ya wakulima peke yao. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024 hupita katika mahandaki ya milima ya Kilosa. Reli hiyo yapita katika bonde lile lile la Mkondoa, na usalama wake wategemea jinsi ardhi inavyotunzwa juu yake. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari naye hula mchele uliolimwa na mtu anayehitaji njia ya kuufikisha sokoni.

Novemba 2024 wananchi walipiga kura za wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Kura hiyo ni mwanzo wa kazi. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na mkutano huo ndio wenye kauli ya juu kijijini. Basi twende mikutanoni. Tuulize hesabu ya mapato na matumizi, isomwe mbele ya watu wote. Tuulize mpango wa matumizi ya ardhi, na mfugaji awepo unapojadiliwa. Na walio juu waambiwe kwa adabu lakini bila kificho kwamba kila kazi inayoteremshwa kijijini lazima iteremke pamoja na fedha zake. Kijiji kikisimama, wilaya imesimama.