Asch hakusema sote ni kondoo

Katika makala yenu, jaribio la mistari la mwanasaikolojia Solomon Asch, ambapo mtu hulinganisha urefu wa mistari akiwa kwenye kundi, mmelifupisha mno. Ndiyo maana wanafunzi huandika kwenye mtihani kwamba binadamu hufuata mkumbo, basi. Matokeo yake ya miaka ya 1950 kule Marekani hayakuwa hivyo: hata pale wengine wote kundini walipopangwa kutaja mstari usio sahihi, karibu theluthi mbili ya majibu ya washiriki yalibaki sahihi, na robo yao hawakuyumba hata mara moja. Tena (walimu wengi hukiruka kipengele hiki) akitokea mwenzako mmoja tu anayesema ukweli, shinikizo hupungua sana. Na kumbukeni, washiriki walikuwa vijana wa kiume wa vyuoni. Kuhusu wanawake jaribio lile halisemi kitu.