Bunduki gani? Hapa Moiben, hakuna

Wasee, mnaniuliza kila wiki: kwa kuwinda karibu, bunduki ya wenzo, ile unakoki kwa mkono wa chuma chini, ichukuliwe ya .30-30 ama .45-70? Kwa kichaka ningesema .45-70: risasi nzito, masafa mafupi, mnyama hateseki. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi. Hizo video mnazotazama ni za Marekani.

Na bado hii stori ni yetu. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt alifika uwanda huu wa Uasin Gishu, na kwa safari hiyo Winchester 1895 ya wenzo, kaliba .405, ndiyo aliisifu kwa simba. Hapa hapa akatazama vijana wa Kinandi wakimzingira simba kwa mikuki na ngao. Hiyo sasa ndiyo kuwinda karibu!

Leo panda mwamba wa Sergoit uangalie: ngano, mahindi, simba hakuna. Bunduki na jembe vilimaliza kazi. Niliacha chuo, lakini hesabu hii naijua: swara wachache waliobaki Kenya hawahitaji kaliba yako. Mimi nabeba kamera. Bado unataka bunduki? Niambie utampiga nani.