Ndege ya Uchunguzi wa Hewa Ije Ziwa Tanganyika

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliyoteremka kutoka vilima vya juu ya Bujumbura iliua watu zaidi ya 60, wengi wao katika mitaa ya kaskazini. Wakazi wa Nyakabiga wanaopakana na korongo la mto Ntahangwa hawahitaji kusimuliwa habari hizo; wanaona wenyewe jinsi maji yanavyoumega ukingo. Wanalouliza ni kwa nini dhoruba huwafikia kabla ya onyo.

Sehemu ya jibu iko ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea milimani; usiku hugeuka. Pepo zinapokutana, mawingu ya radi huzaliwa. Vipimo vya nchi kavu haviyafikii yatendekayo katikati ya maji, na setilaiti huona zaidi vilele vya mawingu.

Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, aina ya BAe 146, iliruka kutoka Entebbe kupima pepo za namna hiyo juu ya Ziwa Victoria. Ndege kama hizo hudondosha vifaa vidogo vyenye mwavuli ambavyo, vikishuka, hupeleka habari za joto, unyevu, mgandamizo na upepo.

Hakuna anayetutaka tuinunue. Uganda nayo ilipokea mgeni. Linalotakiwa ni ombi moja la Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, kwa njia ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa hapa Bujumbura.

Wapo watakaosema kwamba ndege iliyojaa mitambo huja kupeleleza. Sisi wanajeshi ndio wa kwanza kuuliza hivyo, na tuna haki. Ndege zilizopima usumaku wa ardhi nchini Uganda mwaka 1983 na 1984 zilisaidia kufichua mabonde ya mashapo katika eneo la Ziwa Albert, ambako mwaka 2006 mafuta yalithibitishwa. Takwimu za angani ni mali. Kwa hiyo, badala ya kufunga anga, tuweke sharti: ofisa wetu na mtaalamu wa IGEBU wapande ndege hiyo, na nakala kamili ya vipimo ibaki Bujumbura siku ndege inapoondoka.

Vibali vya anga vya nchi nne havitolewi kwa siku moja. Barua ya ombi iandikwe kabla ya mvua za Septemba.